Kabla ya kuuliza kama dawa inatibu, uliza kama wagonjwa walikuwepo: uzi wa majarida hewa na tafiti hewa

Kabati la Vitabu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, atakayechoka njiani aweke alama arudi baadaye.

Kuna kijana wa uzamili kaniletea barua pepe aliyotumiwa na "jarida la kimataifa la magonjwa ya moyo". Inamwita Profesa, na yeye ndiyo kwanza anahangaika na sura ya pili ya tasnifu. Inamsifu kwa mchango wake uliotukuka kwenye fani ya moyo, ilhali anasoma afya ya kinywa na meno. Andiko litapitiwa na wataalamu na kujibiwa ndani ya saa 72. Ada dola 149, ukiwahi kabla ya mwisho wa mwezi unapunguziwa. Anwani ni ya London, akaunti ya kupokelea pesa iko nchi nyingine kabisa. Kijana si mjinga, alishashtuka. Ila akaniuliza swali moja: "Sasa hawa wanamuumiza nani? Mimi napata chapisho, wao wanapata dola zao, biashara imeisha."

Nikaona hilo halijibiki kwa meseji mbili za WhatsApp.

Kazi yangu ni kuchuja tafiti za tiba. Ukitaka kujua kama dawa inasaidia, huangalii utafiti mmoja ukaridhika. Timu inakusanya majaribio yote yaliyofanyika juu ya swali hilo, inayapima ubora, kisha inayajumlisha yawe jibu moja. Ndiyo mapitio ya kimfumo hayo, na wanaoandika miongozo ya matibabu, kuanzia WHO mpaka wizara zetu, huyaegemea. Tatizo ni kwamba hesabu haina macho. Ukiingizia jaribio ambalo halikuwahi kufanyika, inalijumlisha na mengine kama kawaida, na mwisho wa mnyororo yupo nesi wa zamu ya usiku anayevuta dawa kwenye sindano kwa kufuata mwongozo.

Majarida hewa nitayapitia haraka maana wengi mnayajua. Jina la majarida ya kinyang'anyi, ndiyo hayohayo hewa, lilienezwa na mkutubi wa Colorado, Jeffrey Beall, kuanzia 2010. Alikuwa na orodha yake mtandaoni mpaka alipoiondoa Januari 2017. Mwaka 2013 John Bohannon, akiandikia Science, alitunga utafiti wa uongo wa dawa ya saratani wenye makosa ya wazi. Waandishi akawapa majina ya kubuni yenye sura ya Kiafrika na vyuo visivyokuwepo duniani, akautuma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliukubali, 98 yaliukataa, mengine hayakufikia uamuzi. Na kati ya waliokubali kulikuwa na majarida yaliyo chini ya wachapishaji wakubwa kabisa, hilo liwekeni akilini, tutalirudia. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamuru kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50. Miongoni mwa makosa: kudai maandiko yanapitiwa na wataalamu wakati sivyo, kuficha ada mpaka andiko likubaliwe, na kumng'ang'ania mwandishi anapotaka kulitoa andiko lake.

Mnaodhani haya ni mambo ya sisi maskini tu: mwaka 2017 timu ya David Moher kule Ottawa ilichambua makala zaidi ya 1,900 za tiba zilizochapishwa kwenye majarida hewa. Zaidi ya nusu ya waandishi walitoka nchi tajiri na zile za kipato cha juu cha kati. Ndani ya makala hizo kulikuwa na takwimu za watu zaidi ya milioni mbili. Yaani watu wametoa damu, wamejaza dodoso, wamekubali kumezeshwa dawa, halafu kazi yao ikatupwa mahali ambapo hakuna aliyeisoma kwa makini hata mara moja.

Hapo ndipo jibu la kijana linapoanzia. Lakini kwa maoni yangu jarida hewa ni mwizi wa mchana, unamwona anakuja. Ninayemwogopa zaidi ni utafiti hewa uliovaa suti, ulioingia kwenye jarida lenye heshima au kwenye tovuti inayoaminika. Naomba niwape kisa kimoja kwa kirefu.

Ngosha wa Ziwani

Nimekaa paleee. Endelea mkuu.

Kabati la Vitabu

Ivermektini. Wengi hapa tunaijua kama dawa ya kingatiba, ile ya usubi na matende inayogawiwa vijijini. Dawa nzuri mno kwa kazi yake, waliogundua asili yake walipata Nobel 2015. Kipindi cha Uviko ikageuka dawa ya kila grupu la WhatsApp.

Novemba 2020 liliwekwa andiko la awali, yaani lisilopitiwa bado na wataalamu, kwenye tovuti ya Research Square, la timu iliyoongozwa na Ahmed Elgazzar wa Chuo Kikuu cha Benha, Misri. Lilidai ivermektini inapunguza vifo vya Uviko kwa asilimia 90. Dawa ya shilingi mia kadhaa! Likaingizwa mara moja kwenye mapitio makubwa mawili matatu, na kwa kuwa lilikuwa na wagonjwa wengi na matokeo makubwa hivyo, lilibeba mzigo mzito kwenye kila jumla.

Aliyeliangusha hakuwa profesa. Ni Jack Lawrence, mwanafunzi wa uzamili London, aliyepewa andiko lile kama zoezi la darasani. Kitu cha kwanza alichoona ni kwamba utangulizi umenyofolewa huku na kule na kubadilishwa maneno. Akaenda kwenye takwimu ghafi. Waandishi walikuwa wameziweka kwenye tovuti ya kuhifadhi mafaili, zimefungwa kwa nenosiri. Akajaribu 1234. Likafunguka.

Ndani kulikuwa na wagonjwa walioandikwa wamekufa kabla ya tarehe ya utafiti kuanza. Andiko linasema washiriki ni wa miaka 18 mpaka 80, ndani ya faili wapo wenye umri chini ya 18. Kisha mchambuzi Nick Brown alipopita mstari kwa mstari akakuta rekodi za wagonjwa 79 zinaonekana ni nakala za wagonjwa wengine: umri uleule, vipimo vilevile, mpaka makosa ya uchapaji yaleyale, hapa na pale herufi moja imebadilishwa. Mnakumbuka sakata la watumishi hewa, jina lipo kwenye orodha ya malipo ila mtu hayupo? Hawa ni wagonjwa hewa.

Julai 2021 andiko likaondolewa. Elgazzar alilalamika kwamba liliondolewa bila yeye kuulizwa. Kilichofuata ndicho kinachonihusu mimi kikazi. Andrew Hill wa Liverpool na wenzake walikuwa wamechapisha mapitio ya majaribio 24 yaliyoonyesha ivermektini inapunguza vifo kwa zaidi ya nusu. Wakayafumua, wakatoa tafiti zenye shaka, wakajumlisha upya. Faida kwenye vifo ikayeyuka. Jaribio la TOGETHER la Brazil lilipotoka 2022, likiwa na wagonjwa 1,358 waliopangwa kwa nasibu, yaani bahati ndiyo iliyoamua nani apewe dawa na nani asipewe, nalo halikuona faida.

Kwa hiyo wataalamu waliosoma kwa nia njema, kwa kufuata kanuni zote za mapitio, walikosea kwa sababu kanuni zenyewe zilikuwa zinauliza swali moja tu: jaribio hili limefanywa vizuri? Hakukuwa na kisanduku cha kuuliza: limefanywa?

Mzalendo Halisi

Chai. Hizo ni njama za makampuni ya chanjo. Dawa ya bei rahisi ambayo haina mwenyewe lazima ipigwe vita. Mbona hawajachunguza tafiti za dawa zao za bei mbaya?

Kabati la Vitabu

Mkuu, hoja ya bei ingekuwa na nguvu kama isingekuwepo deksamethasoni. Dawa ya zamani, ya bei ya chini, haina mwenyewe, ipo hata kwenye duka la dawa la kata. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha inapunguza vifo kwa theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na dunia nzima ikaanza kuitumia mara moja. Hakuna aliyeipiga vita. Tofauti ilikuwa kwamba wagonjwa wake walikuwepo.

Ila kwenye kuchunguza wakubwa nakuunga mkono, na mfano ninao. Mei 2020 Lancet, jarida la heshima kuliko karibu yote, lilichapisha utafiti wa kampuni ya Kimarekani iitwayo Surgisphere: wagonjwa 96,032, hospitali 671, mabara sita, ukisema haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikipigiwa debe kwa Uviko, inaongeza vifo. WHO ikasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wataalamu waliopekua wakakuta kwa takwimu zile, karibu robo ya wagonjwa wote wa Uviko barani Afrika na asilimia 40 ya vifo vyote vilitokea kwenye hospitali zenye mifumo ya kielektroniki ya kisasa iliyounganishwa na Surgisphere. Nyie mliowahi kupanga foleni dirisha la kumbukumbu mkiambiwa "faili halionekani", mlisikia hospitali hizo ziko wapi? Tarehe 4 Juni, wiki mbili hazijaisha, utafiti ukafutwa. New England Journal, jarida jingine kubwa la tiba, nayo ikafuta wa kwake wa kampuni hiyohiyo siku ileile.

Angekuwepo mkaguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi hospitali ya wilaya, angeligundua hilo akiwa anakunywa chai.

Mzee wa Zamu

Nipo wodi ya wazazi, mkoani. Haya ya Uviko yamepita. Leta kitu kinachonigusa leo.

Kabati la Vitabu

Shikamoo mzee wangu. Asidi ya traneksamiki, ile ya kuzuia damu.

Kuna mambo mawili yanachanganywa. La kwanza, mama ameshajifungua na damu inatoka nyingi, unampa. Hilo lina ushahidi wa kueleweka: jaribio la WOMAN, lililochapishwa 2017, wanawake 20,060 kutoka nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Ikitolewa ndani ya saa tatu, waliofariki kwa kutokwa damu walishuka kutoka asilimia 1.7 hadi 1.2. Faida ndogo kwa namba, kubwa kwa familia.

La pili, kumpa kila mama kabla damu haijawa tatizo. Hapa kulikuwa na rundo la majaribio madogo madogo, karibu yote yakishangilia. Mwaka 2016 Katharine Ker, Haleema Shakur na Ian Roberts wa London walikaa wakayasoma majaribio 26 kwa jicho la mpelelezi. Manane yalikuwa na maandishi yanayofanana, mengine neno kwa neno. Kadhaa yalikuwa na takwimu zinazojipinga zenyewe. Mawili hayakuwa na kibali cha kamati ya maadili. Na walipolinganisha hali ya wanawake kabla ya dawa, ikaonekana mengi hayakupangwa kwa nasibu kama yalivyodai. Haya hayakutoka kwenye majarida ya dola 149 peke yake.

Likaja WOMAN-2, 2023: wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu, hospitali 34 za Pakistan, Nigeria, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Waliopewa dawa, asilimia 7.0 walitokwa damu nyingi. Wasiopewa, asilimia 6.6. Yaani hakuna tofauti. Mwaka 2024 Ker na wenzake wakajumlisha majaribio matano tu, makubwa, yaliyosajiliwa kabla ya kuanza, yenye takwimu za mgonjwa mmoja mmoja, jumla wanawake zaidi ya 54,000. Wakaona dawa inapunguza kidogo ile damu ya kuhatarisha maisha. Kwa hiyo ipo faida, ila ya kiasi, tofauti kabisa na ile miujiza ya majaribio madogo. Kwa wodi yako fuata mwongozo wa wizara mzee, mimi si tabibu. Nilitaka uone namna picha inavyobadilika wachujaji wakibadilisha swali.

Mzee wa Zamu

Marahaba. Na zile dripu za wanga tulizofundishwa enzi zetu kwamba ni bora kuliko zile za maji ya chumvi?

Kabati la Vitabu

Umenikumbusha mbali. Kuna daktari wa usingizi wa Ujerumani, Joachim Boldt, aliyezitetea kwa tafiti nyingi. Zaidi ya 100 ya machapisho yake yamefutwa. Mwaka 2013 timu ya Kanada ilijumlisha majaribio 38 ya dripu hizo kwa wagonjwa mahututi. Walipoyaacha saba ya Boldt, yenye wagonjwa 590 tu, matokeo yakageuka: dripu zile zinaongeza vifo na kuharibu figo. Saba kati ya 38, mzee wangu.

Na kabla hatujachoka, John Carlisle, daktari wa usingizi wa Torbay, Uingereza. Huyu alikuwa mhariri wa jarida la Anaesthesia, akakagua majaribio 526 yaliyoletwa kati ya 2017 na 2020. Pale aliposoma andiko peke yake, alibaini takwimu za uongo kwenye asilimia 2. Pale alipopewa faili la wagonjwa, mmoja mmoja kwenye mistari yake, uongo aliukuta kwenye asilimia 44, na asilimia 26 aliyahesabu kuwa yameoza kiasi kwamba hayaaminiki kabisa. Mtu anayekuambia "limepitiwa na wataalamu", muulize walipitia andiko au walipitia faili.

Dokta Mtarajiwa

Mleta uzi asante. Sasa tafiti zilizo kwenye majarida hewa, kwenye mapitio mnazitupa zote? Na mnatofautishaje jarida hewa na jarida letu la kawaida lisilo na pesa? Supavaiza wangu anasema chochote kisichotoka Ulaya ni takataka.

Kabati la Vitabu

Supavaiza wako anakosea, mwambie kwa adabu. Lipo jarida la chuo lenye tovuti iliyochakaa, toleo linachelewa miezi sita, mhariri analiendesha jioni baada ya kutoka wodini, na ni la kweli kabisa. Tanzania Journal of Health Research na East African Medical Journal zina historia ndefu kuliko wengi wanaozibeza. African Journals Online inahifadhi majarida ya bara hili tangu 1998. Umaskini wa jarida si utapeli. Hata ada si utapeli: yapo ya heshima yanayotoza maelfu ya dola, na mengi husamehe watafiti wa nchi zetu wakiomba kabla ya kutuma.

Mimi naanzia kwa wahariri. Nachukua majina mawili ya kwenye orodha yao, natafuta kurasa zao za chuoni, nawaandikia kuuliza kama wanajua wamo. Wengine hawajui. Mwaka 2017 watafiti wa Poland walimtunga msomi asiyekuwepo, sifa zake hazitoshi kabisa, wakamwombea uhariri kwa majarida 360. Majarida 48 yalimpa kazi. Baada ya hapo naangalia DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, ambayo yenyewe ilifagia majarida zaidi ya 3,000 mwaka 2016. Halafu naangalia kama ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, inafanana na anwani ya tovuti, kwa sababu wapo wanaoiba jina la jarida halali na kufungua tovuti bandia. Na usidanganyike na "tupo PubMed", ile tovuti ya kutafutia makala za tiba. Makala moja moja huingia humo kupitia hifadhi ya maandiko ya watafiti waliofadhiliwa, jarida lenyewe likiwa halijakaguliwa na MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochujwa. Google Scholar ndiyo kabisa, inaokota kila kitu.

Kuhusu kuzitupa, wenzangu wanagombana. Wapo wanaosema jarida likiwa hewa, kila kilichomo nje. Mimi siafiki. Nesi wa Nigeria aliyepima shinikizo la wajawazito kwa uaminifu akakosa pa kuchapisha kwa sababu ya ada, kazi yake si ya uongo. Ninachofanya ni kuomba namba ya usajili wa jaribio, kwa Afrika tunalo daftari la usajili la PACTR lenye makao Cape Town, na kuangalia tarehe ya usajili dhidi ya tarehe ya mgonjwa wa kwanza. Naomba namba ya kibali cha maadili, nawaandikia kamati. Naomba faili. Wakijibu, inaingia na maelezo yake. Wakikaa kimya, inabaki kwenye orodha ya zinazosubiri na haijumlishwi. Na jarida kubwa nalipa masharti hayohayo, hapo ndipo watu hununa. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuandaa mapitio ya kimfumo, walitoa sera 2021 inayoruhusu kuweka pembeni utafiti wenye mashaka hata kama haujafutwa rasmi. Kabla ya hapo ulikuwa unaonekana mkorofi.

Dokta Mtarajiwa

Sawa mkuu. Sasa niseme ukweli, mimi ndiye yule wa meno, na kuna lingine sikukwambia. Mwezi uliopita nilituma andiko kwa jarida jingine, wamenikubalia na ankara imekuja. Sijalipa. Chuo kinataka chapisho kabla ya kutetea.

Ngosha wa Ziwani

Duh!

Kabati la Vitabu

Usilipe. Usisaini fomu ya kuhamisha hakimiliki. Leo hii waandikie kwamba unaliondoa andiko, na uhifadhi barua hiyo pamoja na majibu yao, maana jarida la kweli likikuuliza baadaye utahitaji kuonyesha. Wakidai ada ya kuondoa, usiwape, hata wakitishia wanasheria. Wakilichapisha kwa nguvu, usilitume kwingine kimyakimya. Mweleze mhariri mpya mapema, kwa barua, kabla hajalikuta mwenyewe. Supavaiza naye ajue leo, asije akasikia siku ya kutetea.

Kama kilichotumwa kina takwimu za wagonjwa wa kliniki yako, wajulishe pia kamati ya maadili iliyokupa kibali.

Nitumie inbox jina la jarida, ISSN na anwani ya tovuti. Ile barua yao ya kukubaliwa baki nayo, hainisaidii kitu.